Njia Fupi ya Kumfikia Kwotabeki: Aaron Donald na Bei ya Mlinzi wa Katikati

Tarehe 13 Februari 2022, uwanja wa SoFi, California. Los Angeles Rams wanaongoza Cincinnati Bengals 23 kwa 20 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, na saa imebakiza chini ya dakika moja. Bengals wanahitaji yadi moja tu ili waendelee kushambulia, na wana majaribio mawili ya kuipata. Katika jaribio la tatu wanampa mpira mkimbizaji wao, Samaje Perine, na Aaron Donald anamdaka asisonge. Katika jaribio la nne kwotabeki Joe Burrow, mrushaji wa pasi, anarudi nyuma kutafuta wa kumrushia. Donald keshampita mkingaji wake, anamshika Burrow kiwiliwili na kumzungusha. Burrow anautupa mpira bila kuona unakokwenda, unaanguka chini, na Rams ni mabingwa.

Zamu ile haikuandikwa kuwa saki. Saki ni kumwangusha kwotabeki nyuma ya mstari wa kuanzia akiwa bado na mpira mkononi. Burrow aliuachia kabla hajafika chini, kwa hiyo vitabu vinasema ni pasi isiyokamilika, basi. Donald alikuwa na saki mbili siku hiyo, lakini iliyoleta pete ya ubingwa haimo.

Ukitaka kuielewa kazi ya mlinzi wa mstari wa mbele kwenye futiboli ya Marekani, anzia hapo. Sehemu kubwa ya anachofanya haina safu yake kwenye jedwali la takwimu, na kwa mlinzi wa katikati hali ni mbaya zaidi kuliko kwa yule wa pembeni. Kwa miaka mingi nafasi ya katikati ilihesabiwa kuwa kazi ya kuziba, ikalipwa mshahara wa kuziba. Donald, ambaye wapimaji wa vipaji wa timu walimwona mfupi mno kwa nafasi hiyo, ndiye aliyefanya wenye timu wapige hesabu upya.

Kwa msomaji aliyezoea soka, maelezo machache. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kila jaribio ni zamu fupi ya sekunde chache, na huanza pale senta anapoupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake. Mbele ya kwotabeki wanasimama wakingaji watano: senta, gadi wawili ubavuni mwake, na wakingaji wa nje wawili. Wanaokabiliana nao ni walinzi watatu au wanne walioinama, mkono mmoja au yote miwili ardhini. Hao ndio watu wetu.

Wanaposimama kuna namba zake. Sifuri ni kuelekeana uso kwa uso na senta. Moja ni bega la senta. Mbili ni mbele ya gadi, tatu ni bega la nje la gadi, tano ni bega la nje la mkingaji wa nje, na tisa ni mbali kabisa pembeni. Mfumo huu unahusishwa zaidi na kocha Bum Phillips wa Texas. Mwanawe, Wade Phillips, ndiye aliyesimamia ulinzi wa Rams kuanzia 2017 hadi 2019, miaka ambayo Donald alitisha kuliko wote. Nyumbani kwa Donald palikuwa kwenye tatu. Akiwa hapo kazi yake ni tundu lililo kati ya gadi na mkingaji wa nje. Mwenzake anayesimama sifuri au moja huwa mzito zaidi, na kazi yake ni kuwabeba wakingaji wawili kwa pamoja ili tundu la jirani libaki wazi. Pale Rams, katika misimu ya mwanzo ya Donald, mtu huyo alikuwa Michael Brockers. Watu wachache nje ya Los Angeles wanalikumbuka jina lake, ingawa saki nyingi za Donald zilianzia kwenye mabega yake.

Tatu ina faida ya umbali. Kwotabeki huwa yadi kama tano hadi saba nyuma ya senta. Mlinzi wa pembeni lazima akimbie upinde, na akikosea kidogo atampita kwotabeki kwa nyuma na kujikuta hana kazi. Anayetoka tatu anakwenda karibu moja kwa moja. Tena ndiye anayetokea usoni pa kwotabeki, na hakuna kwotabeki anayependa hilo. Presha ya pembeni humfanya asogee mbele kidogo, aingie katikati ya wakingaji wake na kurusha kwa utulivu. Ikitoka katikati hana pa kusogea, hawezi kunyoosha mguu wa mbele, na mpira unaruka juu au unafika umechelewa. Kwa kuwa pasi nyingi hutoka mkononi ndani ya sekunde mbili na nusu hivi, nusu sekunde tu inatosha kuiharibu.

Kwa nini basi hawakulipwa siku zote? Kwa sababu katikati kumejaa watu. Wa pembeni mara nyingi anapambana na mmoja. Wa katikati ana gadi mbele yake, senta yuko tayari kugeuka kumsaidia mwenzake, na mara nyingine mkimbizaji anasubiri kumpiga ubavuni. Kwa takwimu za ESPN, Donald aliwekewa watu wawili katika zaidi ya nusu ya zamu zake za kumfukuza kwotabeki. Mtu wa kawaida akipewa hali hiyo, kazi imeisha.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Macho ya mlinzi yako kwenye mpira, kamwe si kwenye sauti ya kwotabeki. Kwotabeki hubadilisha mdundo wa sauti kwa makusudi ili mlinzi achomoke mapema, na kuvuka mapema ni adhabu ya yadi tano. Mpira ukitikisika, yeye anachomoka. Uzito unakaa kwenye ncha za vidole vya miguu, huku mkono wa chini ukigusa ardhi bila kuegemewa. Ukiuegemea sana mkono utakimbia mbele vizuri, lakini hutaweza kukata kushoto wala kulia, na mkingaji mzoefu anaweza kukusoma kwa kuangalia tu rangi ya kucha zako. Vidole vyeupe vinamwambia unakuja kwa nguvu.

Hatua ya kwanza ni fupi. Wachezaji wachanga wanapenda kuirefusha wakidhani wanapata ardhi, kumbe wanasimama wima, na aliyesimama wima amekwisha. Sheria ya mstari wa mbele ni kwamba pedi za bega zilizo chini ndizo zinazoshinda. Aliye chini anamsukuma mwenzake juu na nyuma, na aliye juu miguu yake haina ardhi ya kusukumia. Hapo ndipo urefu wa Donald, kama sentimita 185, ulipogeuka kuwa neema. Gadi wengi wa NFL wanazidi sentimita 190. Ili wafike chini alipo, walilazimika kupinda kiuno badala ya magoti, na anayepinda kiuno hupoteza mizani ya kichwa.

Baadaye mikono. Kila mkingaji anataka kuweka viganja vyake kifuani pa mlinzi, kwa ndani, maana akishika ndani mwamuzi haoni kosa kirahisi. Mlinzi anataka kinyume chake, yaani mikono ya mkingaji ipigwe kabla haijatua. Donald alikuwa mwepesi kuliko wote hapo. Ilisambaa video akifanya mazoezi na mkufunzi wake, wakitumia visu vya mazoezi badala ya viganja, ili ajue kuupangua mkono unaokuja usoni kabla haujamgusa. Kwa nje kilionekana kituko. Kwa wanaofuatilia mikono ilikuwa dhahiri analenga nini: kifundo cha mkono cha mkingaji, kwa sababu ukikigonga kifundo kiganja hakifiki.

Mbinu zenyewe si nyingi. Kuna kusukuma moja kwa moja: viganja viwili kifuani, viwiko ndani, miguu haisimami, unamrudisha mkingaji mpaka mapajani mwa kwotabeki wake. Kuna kuogelea, ambapo mkono mmoja unapiga bega la nje na mwingine unapita juu ya kichwa chake. Ni nzuri kwa warefu, lakini ubavu unabaki wazi, na gadi mwerevu anakusukuma ubavuni ukaanguka kama gunia. Kuna kuchana, ambapo mkono wa ndani unapita chini ya kwapa la mkingaji kwenda juu huku nyonga ikigeukia lengo. Na kuna vuta na sukuma, ambayo inamfaa mkingaji anayejilaza mbele kwa hofu ya kusukumwa. Mlinzi mzuri hatumii mbinu moja moja bali anazifunga pamoja. Robo ya kwanza anamsukuma gadi mara tatu, robo ya tatu gadi anaanza kujilaza, na hapo ndipo anavutwa.

Linaloharibika mara nyingi ni njia. Mlinzi akikata kwenda tundu lisilo lake kufuata saki, tundu lake linabaki wazi, na mkimbizaji au kwotabeki mwenyewe anapita humo yadi 15. Kocha hatajali umefanya mbinu nzuri kiasi gani. Kwa Donald uhuru wa kukata ulikuwa mkubwa kidogo, kwa kuwa wenzake nyuma yake walifundishwa kumfuatilia na kuziba alichokiacha. Uhuru huo hupewi. Unaununua kwa video za mechi nyingi zinazoonyesha kwamba ukikata unafika.

Anapoletewa watu wawili, jibu la vitabuni ni kujifanya mwembamba. Unamgeuzia ubavu yule anayekuja kusaidia, unashusha goti la upande wake, na kujaribu kupasua kati yao kabla nyonga zao hazijagusana. Zikishagusana, lala hapo hapo mpaka wakuangukie. Mlinzi aliye nyuma yako hatapigwa, maana mkingaji wake yuko juu yako. Hakuna takwimu ya kuonyesha hilo, lakini makocha wanaliona kwenye video Jumatatu asubuhi.

Mchezaji wa raga anayehamia mchezo huu hukutana na ugumu huo huo wa sekunde ya kwanza. Mkenya Daniel Adongo alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli ya Marekani. Walimweka mlinzi wa pembeni anayesimama nyuma kidogo ya mstari, na uwanjani alionekana zaidi kwenye zamu za mateke, ambako kukimbia na kukaba kunatosha. Raga inampa mtu pumzi na ujasiri wa kukaba. Kusoma mpira ukitikisika, kugonga, kukata, kisha kusimama nusu dakika na kurudia, ni ufundi mwingine kabisa. Wamarekani wengi huanza kuujenga sekondari.

Donald alikulia Pittsburgh, akasoma Penn Hills, kisha Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwaka 2013, msimu wake wa mwisho chuoni, alibeba tuzo za wachezaji bora wa vyuo za Nagurski, Bednarik, Lombardi na Outland. Hata hivyo, walipopima miili Indianapolis, Februari 2014, maswali hayakuisha. Uzito kama kilo 129, mikono haikufika inchi 33 ambazo wapimaji huzipenda. Wapimaji hao hao walimwona akibenchi kilo 102 mara 35 na kukimbia yadi 40 kwa sekunde 4.68. Kwa mlinzi wa mstari wa mbele hizo yadi 40 ni mbwembwe tu, kwani hakimbii mbali hivyo kwenye mechi. Kinachotazamwa ni yadi 10 za kwanza. Rams, wakati huo wakiwa bado St. Louis, walimchukua wa 13 kwenye drafti, ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni. Walinzi wa pembeni Jadeveon Clowney na Khalil Mack walikwisha kwenda, wa kwanza na wa tano.

Mshahara wa mchezaji mpya hauna mjadala mkubwa, kwa sababu unafuata nafasi ya drafti. Mkataba ni wa miaka minne, na kwa waliochukuliwa raundi ya kwanza timu ina hiari ya kuongeza wa tano. Donald alikuwa na mkataba wa dola milioni 10 na kidogo kwa miaka minne. Mwaka wake wa kwanza alipata saki 9 na tuzo ya mlinzi bora kati ya wachezaji wapya. Baada ya msimu wa tatu kila mtu alijua analipwa senti kwa kazi ya dola. Akagoma. Mwaka 2017 hakuonekana kambini, akaripoti siku moja kabla ya mechi ya kwanza, mechi ile akaikosa, na msimu ukaisha akiwa na saki 11 na tuzo ya mlinzi bora wa ligi. Mwaka 2018 akagoma tena, mpaka tarehe 31 Agosti alipotia saini miaka sita kwa dola milioni 135, milioni 87 zikiwa zimehakikishwa. Alikuwa mlinzi anayelipwa zaidi katika historia kwa siku moja tu. Kesho yake Chicago Bears walimpa Khalil Mack milioni 141.

Namba ya kwanza kwenye habari za mkataba wa NFL ni ya kupendezesha, ya kuangalia ni hiyo iliyohakikishwa. Tofauti na soka la Ulaya, timu inaweza kumwacha mchezaji katikati ya mkataba na isimlipe miaka iliyobaki kama haikuhakikishwa. Bonasi ya kusaini ndiyo fedha salama. Mchezaji huipata mapema, lakini kwenye hesabu ya ukomo wa mishahara, yaani kiasi cha juu ambacho timu inaruhusiwa kutumia kwa mwaka, timu huigawa hadi miaka mitano. Tuseme bonasi ni milioni 40: kila mwaka nafasi ya timu chini ya ukomo inapungua milioni 8. Mchezaji akiachwa au akistaafu kabla, sehemu ambayo haijahesabiwa inarudi kuikaba timu. Ndiyo maana nyota mwenye bonasi kubwa ni mgumu kumwacha hata akishuka kiwango.

Kugoma kwenyewe kumekuwa ghali. Makubaliano ya wachezaji na wenye timu ya mwaka 2020 yaliweka faini ya dola 50,000 kwa kila siku ya kambi kwa mchezaji ambaye hayuko tena kwenye mkataba wake wa kwanza wa mchezaji mpya, na timu hairuhusiwi kuisamehe. Siku hizi wengi huripoti kambini, wakasimama pembeni na kofia zao, wakisubiri simu ya wakala.

Nimezungumzia juu kabisa. Chini hali ni nyingine. Timu huanza kambi na wachezaji 90, wakabaki 53, na kikosi cha mazoezi cha 16. Mwaka 2024 mchezaji mpya kwenye kikosi cha 53 alilipwa si chini ya dola 795,000 kwa msimu, wakati wa kikosi cha mazoezi alipata 12,500 kwa wiki. Mlinzi wa saba kwenye orodha hukatwa Jumatatu, akarudishwa Jumatano kwa sababu mwenzake kaumia goti. Asiyejua kuziba mkimbizaji kwenye majaribio mawili ya kwanza haitwi tena, hata awe mwepesi vipi wa kufukuza kwotabeki.

Kisha mwili. Ulinzi hucheza zamu 60 hadi 70 kwa mechi. Walinzi wengi wa katikati hupumzishwa, wanacheza nusu au theluthi mbili yake. Donald mara kwa mara alivuka asilimia 80. Kinachoharibika kwanza ni vidole, vinavyonaswa kwenye jezi na kupindwa, ndiyo maana unaona mikono imefungwa plasta mpaka kwenye ncha. Kinachofuata ni magoti na vifundo vya miguu, na mara nyingi si kwa kugongwa na adui bali kwa mwenzake kumwangukia kwa nyuma. Novemba 2022 dhidi ya Kansas City, Donald aliumia kano zinazoshikanisha mifupa miwili ya muundi juu ya kifundo cha mguu. Jeraha hilo ni baya kuliko kuteguka kwa kawaida, kwa sababu kila unaposukuma ardhi mifupa inataka kuachana, na kazi yote ya mlinzi ni kusukuma ardhi. Alimaliza msimu na mechi 11 na saki 5.

Na kichwa. Mlinzi wa mstari wa mbele hapigwi dafrau kubwa za kuonyeshwa kwenye runinga. Anagongana kidogo kila zamu, na madaktari wanahofia zaidi huo mkusanyiko. Tangu 2011 mazoezi yenye pedi wakati wa msimu yamewekewa kikomo cha 14. Mwaka 1977 ligi ilipiga marufuku kofi la kichwani, silaha maarufu ya mlinzi wa zamani Deacon Jones, naye pia wa Rams. Tangu 2018 waamuzi wanaangalia pia kama umemwangukia kwotabeki kwa uzito wako wote. Inabidi umkamate, ugeuke hewani na kutua ubavuni. Kwa mtu wa kilo 127 anayekimbia ni rahisi kusema tu.

Msimu wa 2018 unastahili kutajwa peke yake. Donald alipata saki 20.5, nyingi kuliko mlinzi yeyote wa katikati tangu saki zilipoanza kuhesabiwa rasmi kwa mchezaji mmoja mmoja mwaka 1982. Rekodi ya kabla yake ilikuwa 18, ya Keith Millard wa Minnesota, mwaka 1989. Nne kati ya zake zilitoka kwenye mechi moja dhidi ya San Francisco. Kwa maoni yangu, hata hivyo, 2020 alicheza vizuri zaidi akiwa na saki 13.5, kwa sababu safu ile ya ulinzi iliruhusu pointi chache kuliko zote kwenye ligi, na kila timu ilipanga mchezo wake kwa kumkimbia. Mwaka huo akapata tuzo ya tatu ya mlinzi bora, akawafikia Lawrence Taylor na J.J. Watt.

Alistaafu Machi 15, 2024, akiwa na miaka 32 na mwaka mmoja wa mkataba ukiwa bado. Misimu 10, mechi 154, saki 111, na kuitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, kila mwaka aliocheza. Rams walichukua walinzi wawili wa Florida State, Jared Verse na Braden Fiske, kwenye raundi mbili za kwanza za drafti iliyofuata.

Siku chache kabla ya tangazo lake, Chris Jones wa Kansas City, mlinzi wa katikati kama yeye, alikubaliana na timu yake miaka mitano kwa dola milioni 158.75. Mwaka 2023 Jones aligoma hata akaikosa mechi ya kwanza ya msimu, na Kansas City wakaipoteza kwa pointi moja.